Mwalimu Aliyekataa Neno Moja

Watu wa mtaa wetu wakimkumbuka yule mwalimu wa nasari husema alikuwa na kichwa kigumu. Wanasema hivyo, wanakunywa chai yao, wanaingia maneno mengine. Miaka yote ile aliyowafuta watoto wao kamasi na kuwafunga kamba za viatu, wameikunja ikawa kichwa kigumu, basi. Nikisikia hivyo huweka kikombe chini. Mke wangu huniambia, "Mzee, kunywa chai, hao hawajui." Ni kweli hawajui. Lakini mimi najua, na sehemu ya ubaya aliotendewa ilitoka kwenye mdomo wangu mimi mwenyewe, kwa hiyo siwezi kuendelea kunywa chai.

Jina lake silitaji. Watoto walimwita Ticha, sisi wakubwa tulimwita Mwalimu, na mgeni akimuuliza jina alijibu, "Mwalimu yatosha." Kwao ni huko huko magharibi tulikotoka wengi wetu, lakini mambo ya nani kamzaa nani hakuyapenda, na mimi sitamwanzishia leo.

Mimi nilikuwa mpishi wa uji. Kabla ya hapo nilikuwa reli, nafagia mabehewa, mpaka magoti yakakataa. Mambo ya reli ni marefu, siku moja nilikuta mbuzi mzima amelala kwenye kiti cha daraja la kwanza na hakuna abiria aliyekubali kuwa ni wake, lakini hiyo tuiache. Nilipostaafu nilipata kazi kwenye nasari iliyokuwa katika ukumbi nyuma ya kanisa letu, kati ya Fedha, mtaa wa wenye nafasi, na Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda, hapa Nairobi. Nilikoroga uji, nilifunga lango, nilipigilia misumari viti vilivyolegea. Shule nilifika darasa la pili. Kusoma najua, ila polepole. Watoto waliniita Babu, na wale watundu waliniita Babu Sufuria.

Watoto wenyewe walitoka pande mbili. Wa Fedha walikuja na soksi nyeupe. Wa Mukuru walikuja kwa miguu na mama zao waliokuwa wakienda kufua nguo huko Fedha, au na baba zao waliokuwa wakiwahi lango la kiwanda kupanga foleni ya kibarua. Wakivua viatu mlangoni huwezi kujua nani ni wa wapi, ila Mwenyekiti wa kamati ya nasari alijua. Yeye alikuwa wa Fedha, na alikuwa na macho ya kujua hilo.

Sasa, Mwalimu alikuwa na kazi yake moja ambayo sisi tuliiona ya kichaa. Alikuwa akinunua daftari, anachukua kisu changu cha mboga bila kuomba, anakata daftari katikati, halafu anakirudisha kisu kikiwa butu. Nusu ya daftari aliitia katika mfuko wa aproni pamoja na penseli iliyochongwa pande zote mbili. Kila asubuhi alichagua watoto watatu, si zaidi. Siku nzima, huku akiimbisha na kufundisha na kutenganisha waliopigana, alikuwa akiwatazama hao watatu na kuandika. Alama mbili tatu, anarudisha penseli. Mwanzoni nilidhani anaandika barua kwa mwanamume.

Nikamuuliza siku moja, "Mwalimu, unaandika nini humo?"

"Naandika Wafula amebeba kiti kwa mkono wa kushoto."

"Na hiyo ni habari ya kuandika?"

"Wewe ungeandika nini?"

"Ningeandika Wafula ni mtoto mwenye bidii."

Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyevaa shati nje ndani. "Bidii umeiona wapi, Babu? Imekaa upande gani wa mtoto? Mimi nimeona kiti na mkono. Wewe umeona bidii kwa sababu Wafula humalizia uji wako."

Na ilikuwa kweli Wafula alimalizia uji wangu.

Hakutaka kusikia mtu akisema mtoto ana huzuni, mtoto ana hasira, mtoto anadeka. Alisema hayo ni mambo ya ndani, na wewe hukuwa ndani. Useme amekunja ngumi. Useme amekaa nyuma ya mlango tangu kengele mpaka uji. Useme maneno yake kama alivyoyatamka yeye, usiyanyooshe. Alikuwa na msemo: "Mtoto si methali, usimfupishe." Na mwingine, aliotumia kwangu zaidi kuliko kwa wengine: "Macho kwanza, Babu. Mdomo una siku nzima."

Niliona ni upuuzi mpaka ile habari ya mtoto wa kinu. Palikuwa na kitoto cha miaka minne, kinene, kilikuwa kikilia kila siku karibu na saa nne. Kinacheza vizuri, kinacheka, halafu ghafla kinafungua mdomo kama honi ya treni. Mimi nilisema kimezoea kubebwa. Jirani wa ukumbi akasema kina minyoo. Mwenyekiti akasema hao wa Mukuru hawafundishwi adabu nyumbani. Mwalimu alitoa penseli. Aliandika siku sita. Siku ya saba akaniita, akanisomea mstari mmoja mmoja, na kila siku, mstari kabla ya kilio, alikuwa ameandika: kinu kimenyamaza. Kumbe mama yake alikuwa akiwasagia watu unga kwenye kinu cha mashine kilichokuwa upande wa pili wa ukuta wetu. Kinu kikinguruma, mtoto anajua mama yupo. Kikizimwa ili mashine ipoe, mtoto anadhani mama ameenda. Hakuna minyoo wala adabu. Mwalimu akamwomba yule mama awe akikizima kinu apitishe kichwa dirishani aseme, "Nipo." Kilio kikaisha wiki ile ile. Mimi nilikuwa tayari nimeshamchanganyia dawa ya mitishamba.

Msidhani namchora malaika. Mwanamke huyu, aliyekataa neno moja kwa mtoto, kwa mtu mzima alikuwa na neno moja tu na hakulifikiria mara mbili. Fulani ni mnafiki. Fulani ni kupe. Mchungaji mmoja aliyetutembelea alikaa dakika tano, alipotoka Mwalimu akasema, "Puto." Nikamwambia, "Na wewe si unasema tusiwafupishe watu?" Akasema, "Nilisema watoto. Wakubwa wamejifupisha wenyewe." Mimi neno langu nililisikia akimwambia mama mmoja langoni: "Yule ni redio." Niliumia siku mbili, nikamnyima sukari. Alipenda sukari, vijiko vitano kwenye kikombe kimoja.

Tena alikuwa mwizi wa drafti. Watoto wakishaenda nyumbani tulikuwa tukicheza kwa vifuniko vya soda kwenye ubao nilioutengeneza mwenyewe. Mikono ile iliyoandika ukweli mtupu kutwa nzima ilikuwa ikisogeza kifuniko nikigeuka kupalia jiko. Nikimshika alisema, "Umeona?" Nikisema sikuona ila najua, alicheka mpaka anajifuta machozi. "Basi huna ushahidi, Babu. Cheza."

Kuimba hakujua. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, na watoto wake wote waliimba kwa sauti hiyo hiyo. Mtoto wa nasari yetu ungemtambua kanisani.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nalizunguka, na nalizunguka kwa sababu linaniuma.

Mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini Mwenyekiti alileta kadi. Alizichapisha huko mjini, kadi ngumu, nzuri, zenye picha ya ua pembeni. Mwisho wa muhula kila mzazi apate yake. Juu jina la mtoto, chini yake hesabu, kuimba, usafi. Na chini kabisa neno TABIA na kisanduku. Kisanduku chenyewe kilikuwa kidogo, ukiandika neno refu linatoka nje.

Mwalimu alikigeuza kile kikaratasi mbele na nyuma. "Nitaandika nini hapa?"

Mwenyekiti akasema, "Neno moja tu, Mwalimu. Mtiifu. Mvivu. Mchangamfu. Wazazi hawana wakati."

"Mimi nina madaftari. Mzazi akija nitamsomea."

"Wazazi gani wa kukaa kusomewa? Wale wa Mukuru hata kusoma hawajui."

"Ndiyo maana nimesema nitawasomea."

Akazirudisha kadi mezani zote, na hakuzigusa tena. Hapo ndipo lile jina la kichwa kigumu lilipoanza.

Juma lile lile akafiwa na shangazi yake, akasafiri kwenda kumzika. Nyumbani kwetu mazishi si ya siku moja, mnajua. Mwenyekiti akaja jikoni kwangu na kadi arobaini na moja na kalamu nzuri. Akavuta kreti la soda, akaketi.

"Babu, wewe unawajua hawa watoto kuliko mtu yeyote. Mimi nataja jina, wewe unanipa neno."

Nitasema ukweli: nilifurahi. Mtu wa darasa la pili, mfagia mabehewa, anaulizwa na mtu wa tai. Nilikuwa nakoroga uji, kuni zilikuwa mbichi, moshi umejaa macho. Akitaja, ninajibu. Wafula. Bidii. Achieng'. Mdomo mrefu, akaandika MSEMAJI. Mwingine kelele, mwingine mwoga, mwingine safi. Tulicheka. Watoto arobaini na moja walikwisha kabla uji haujachemka.

Tulipofika kwa Nafula nilisita. Nafula alikuwa na miaka mitano, wa Mukuru, mama yake mfuaji nguo, baba yake kibarua wa kiwandani. Mtoto mwembamba, mpole. Lakini alikuwa na jambo: ukimpa kikombe, wakati mwingine anakaa nacho tu. Unamsemesha, hakusikii. Halafu anakunywa kama hakuna kilichopita. Lilikuwa limenichosha, maana nilisubiri vikombe nioshe.

"Huyo, sijui," nikasema. "Anakatika. Utadhani amepandwa na pepo."

Nilisema kwa mzaha. Nilikuwa napuliza moto. Mwenyekiti akainama akaandika, na neno likaenea vizuri ndani ya kisanduku: PEPO.

Nilimwona akiandika. Sikumwambia afute.

Kadi ikaenda nyumbani. Mama Nafula hakujua kusoma, akampelekea jirani amsomee. Jirani akasoma kwa sauti, mlango uko wazi, ploti nzima, wapangaji wote, ikasikia. Shule imesema mtoto ana pepo. Si mtu amesema, ni shule, kwenye kadi yenye ua. Muhula ulipofunguliwa Mwenyekiti alisimama langoni mwenyewe akamwambia mama yule kwamba mtoto asichanganywe na wengine mpaka aombewe, pepo lisije likahama. Na mtu aliyekuwa ameandika neno lile bila kumtazama mtoto hata mara moja sasa alikuwa anaogopa mwandiko wake mwenyewe. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na bado sijapata pumzi ya kulimaliza.

Mwalimu alirudi siku ya pili ya muhula, nywele zimenyolewa kwa msiba. Akahesabu watoto.

"Nafula yuko wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, na kuni mbichi, na kucheka. Nilitarajia anitukane neno moja, hata redio ningelipokea. Hakutukana. Alisema, "Watoto wakienda, vaa koti. Tunakwenda Mukuru."

Tulipofika kwa kina Nafula, akina mama wa maombi walikuwa wakitoka chumbani. Nafula alikuwa ameketi kitandani, midomo imekauka. Alikuwa amefungishwa kwa ajili ya maombi, hajala tangu jana. Mtoto wa miaka mitano. Na mimi ni Mkristo, tena wa ubatizo wa maji mengi, nafunga na kuomba, lakini sijaona palipoandikwa kwamba mtoto mdogo anyimwe uji kwa ajili ya neno la mpishi. Mama yake alikuwa akilia kuliko mtoto. Akanipa kadi. "Babu, wewe ni wa pale shuleni. Kwa kweli hapa pameandikwa nini? Mimi nilisomewa tu."

Nikaishika. Nikamwambia sikubeba miwani. Sijawahi kuwa na miwani.

Mwalimu alipika uji kwa mikono yake, akakaa sakafuni, akatoa nusu ya daftari. Akaniambia nikae kwenye ndoo, nimtazame mtoto, na nimwambie kila ninachoona.

"Anaogopa," nikasema.

"Umeonaje?"

"Si anaonekana."

"Nini kinaonekana?"

"Ameshika nguo ya mama yake."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia."

"Hilo ndilo umeona. Endelea."

Nilitoka jasho. Ni kazi ngumu kuliko kufagia treni. Kila nikifungua mdomo linatoka neno kubwa, na yeye analirudisha, analirudisha, mpaka libaki la ukweli. Tulikwenda siku tisa, kila siku baada ya kufunga lango. Na nusu daftari lililokatwa kwa kisu changu likajaa mambo kama haya, ambayo nayakumbuka kwa sababu alinilazimisha kuyasoma kwa sauti:

"Saa tisa na robo. N. anachora duara kwa makaa. Ameacha. Mkono uko juu ya karatasi. Macho yanatazama ukutani, kope zinapepesa haraka. Nimemwita mara mbili, hakugeuka. Nimehesabu mpaka kumi na moja. Ameendelea na duara lile lile. Nimemuuliza kama nilimwita. Amesema, hapana Ticha."

Siku tisa, mara ishirini na tatu. Hakuna mahali aliandika mvivu. Hakuna mahali aliandika pepo, wala kwamba hakuna pepo. Aliandika kope.

Tukampeleka kliniki, sisi watatu na mtoto. Daktari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya chini. Mama Nafula akaanza, "Daktari, mtoto wangu ana..." Mwalimu akamgusa bega, akaweka daftari mezani. Daktari akasoma ukurasa wa kwanza kwa haraka kama watu wenye kazi nyingi wanavyosoma. Ukurasa wa pili akapunguza. Akasoma mpaka mwisho, na foleni ikinung'unika nje.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi."

"Mimi huletewa watoto na kuambiwa ni wazito, ni wajeuri, wamelogwa. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya kope." Akamwambia mtoto apulize karatasi, apulize tena, apulize bila kupumzika, na Nafula akakatika pale pale mbele yake. Daktari akamgeukia mama. Akasema ni kifafa, lakini si kile cha kuanguka na povu, ni kile cha kukatika kidogo, na dawa ipo, kidonge kila siku, na asiache hata akionekana mzima, mpaka yeye daktari aseme.

Hapo mngedhani kamati ingeita sherehe. Iliita mkutano.

Mwenyekiti akasema Mwalimu amekwenda nyuma ya mgongo wa kamati. Mwalimu akasimama na aproni yake. Akasema, "Kamati imeandika kitu ambacho hakuna mtu amekiona. Kama kuna aliyeona pepo anyooshe mkono, anieleze lilikuwa la rangi gani." Watu wa nyuma wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza Mwalimu, maana Mwenyekiti angeweza kusamehe kila kitu isipokuwa kicheko. Akanigeukia.

"Babu, neno lile ulilitoa wewe. Waambie watu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ningeweza kusema ndiyo, ni mimi, na lilikuwa mzaha, na nilikosa. Ni maneno machache tu. Nikasema, "Mimi mheshimiwa nilikuwa nakoroga uji."

Mwalimu aliachishwa mwisho wa mwezi. Alikunja aproni, akanirudishia kisu, na hakuniaga. Mwaka ulipoisha, Mwenyekiti alimpandisha Mama Nafula jukwaani kanisani, na mtoto katika gauni jipya, akatangaza kwamba mtoto huyu alikuwa amefungwa, na maombi ya kamati yamemfungua. Watu wakapiga makofi. Nilipiga na mimi. Daktari hakutajwa, na aliyehesabu kope hakutajwa.

Miaka miwili ilipita kabla sijapata uso wa kwenda kumtafuta. Nilisikia yuko Njiru, pembeni mwa jiji. Nilikwenda likizo ya Agosti, nikashuka gari nikakanyaga udongo mweusi uliolowa mvua ya usiku mpaka viatu vikawa vizito kama nyundo. Alikuwa na chumba cha mabati na viti kumi na viwili vidogo vimegeuzwa juu ya meza. Yeye alikuwa anapaka ukuta chokaa.

"Redio," akasema bila kugeuka. "Umekuja kuomba msamaha au kula?"

"Vyote, Mwalimu."

"Chakula bado. Anza na kile kingine."

Nikaomba. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima na yakanitoka kombo yote. Alinisikiliza akipaka. Nilipomaliza alisema, "Haya," kisha akaendelea kupaka. Nami, nikitaka kumfurahisha, nikasema, "Lakini kazi yako haikupotea. Nafula yuko darasa la pili. Amepona kabisa."

Brashi ikasimama. "Umemwona?"

"Mama yake alishuhudia kanisani."

"Sikuuliza mama yake amesema nini."

"Sijamwona, Mwalimu. Sasa yuko shule ya msingi, hawapiti kwetu."

"Basi hujui kama amepona."

Akatumbukiza brashi kwenye maji, akanawa mikono, akatafuta viatu chini ya meza. Nikamwambia ni mbali, na jua ni kali, na hajala. Alikuwa ameshafunga kamba ya kwanza.

Tulimkuta Mama Nafula mlangoni pake Mukuru, anasuuza sufuria. Aliruka kumkumbatia Mwalimu, akatuingiza ndani, akaweka chai. Nafula alikuwa amerefuka. Alitusalimia kwa heshima, "Shikamoo Ticha, shikamoo Babu," akarudi kwenye ungo wake karibu na mlango, alikuwa akichambua maharagwe, mawe pembeni.

Mwalimu akauliza, "Vidonge anapewa saa ngapi?"

Mama Nafula akatazama chini. "Tuliacha, Mwalimu. Tangu ile siku ya ushuhuda. Mwenyekiti alisema tukiendelea kumeza ni kama hatuamini. Na tena ni mzima. Ni vile tu mwalimu wake wa sasa anasema ni mvivu."

Nilimtazama Mwalimu. Nilingoja lile neno lake moja, maana huyu naye ni mtu mzima, na kama kuna aliyestahili kufupishwa siku ile niliona ni huyu. Halikuja. Alisogeza tu stuli, akaiweka mahali ambapo mtu akikaa anaona ungo.

"Mama Nafula, kaa hapa. Usinisikilize mimi, wala usimsikilize mwalimu wake. Mtazame mtoto, uniambie unachoona."

"Naona anachambua maharagwe."

"Vizuri. Endelea kutazama."

Tukakaa. Mimi kunyamaza ni kazi, na nilikuwa na mzigo wangu, kwa hiyo nikasema. "Mama Nafula, lile neno la kwenye kadi halikutoka kwa Mungu wala halikutoka kwa Mwenyekiti. Nililitoa mimi. Nilikuwa napuliza moto, nikafanya mzaha juu ya mtoto wako. Kusoma nilijua siku ile uliponipa kadi. Niliogopa."

Hakuondoa macho kwenye ungo. Sijui kama amenisamehe mpaka leo, na sina haki ya kuuliza. Chai ikapoa, ikafanya ngozi juu. Nafula aliimba kidogo, kwa ile sauti ya kukwaruza. Jiwe pembeni, harage katikati, jiwe pembeni.

Halafu wimbo ukakatika.

"Sema unachoona," Mwalimu akasema taratibu.

"Ameacha," mama yake akasema. "Mkono umebaki juu. Ameshika jiwe." Akainama mbele. "Nafula." Mtoto hakugeuka. "Nafula, mwanangu. Anatazama ukuta, Mwalimu. Kope zake zinacheza. Mimi namwita na hanisikii."

"Endelea."

"Si uvivu," mama akasema, akainuka nusu kwenye stuli.

Mkono ukashuka, jiwe likaenda pembeni na mawe mengine, na wimbo ukaendelea pale pale ulipokatikia. Nafula akainua macho akatuona. "Mama, mbona mnaniangalia hivyo?"

Mama Nafula alijipangusa mikono kwenye sketi, akajifunga kitambaa kichwani, akauliza kliniki inafungwa saa ngapi. Mwalimu akasema saa kumi. Ilikuwa saa nane na nusu. Mama akamshika mtoto mkono, tukatoka sote wanne, akaacha mlango wazi na maharagwe ungoni.